Risasi 28 Ndani ya Magazini ya 30

Wadau, samahani kwa ukimya. Kazi zilinibana, halafu kuna jambo moja lilinikaa kichwani nikaona siwezi kuandika lingine lolote humu kabla sijalitoa. Jambo lenyewe ni hesabu ya darasa la kwanza: thelathini toa ishirini na nane.

Ilikuwa hivi. Nilipata taarifa ya polisi ya kawaida kabisa, zile ambazo sisi tunaoandika habari za mikoani tunaweza kuziandika tumefumba macho. Kijana amekamatwa, nyumbani kwake imekutwa bunduki moja aina ya SMG, magazini moja, ndani yake risasi 28. Basi, taarifa ikaishia hapo. Mimi najua magazini ya SMG inabeba risasi 30. Kila mtu anajua, hata mtoto anayecheza gemu za vita kwenye simu anajua. Nikatoa, zikabaki mbili. Nikaongeza sentensi yangu mwenyewe, kwamba risasi mbili zilikuwa zimeshatumika. Mhariri akaipenda, akaipandisha kwenye kichwa cha habari.

Siku mbili baadaye mama wa yule kijana alikuja ofisini. Hakuja kwa fujo. Alikaa kwenye benchi la mapokezi na gazeti limekunjwa mkononi, akaomba kumwona aliyeandika. Nilipotoka akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, nani alikuambia zimetumika?"

Nikamwambia nitafuatilia. Ndiyo majibu yetu sisi, "nitafuatilia". Alipoondoka nikaisoma tena ile taarifa ya polisi mstari kwa mstari. Hakuna mahali waliposema risasi imefyatuliwa. Hakuna ganda lililookotwa, hakuna aliyejeruhiwa, hakuna aliyesikia mlio. Zile risasi mbili nilizizaa mimi kwa kutoa.

Jumapili nikaenda Mbagala kwa babu. Babu alikuwa mwanajeshi, alikwenda na vita vya Kagera, na ni mmoja wa wale waliofika Kampala Aprili 1979. Ni mtu wa maneno machache. Nikamwamkia, shikamoo babu, marahaba, chai ikaletwa, nikamsomea ile habari. Hakuifikisha mwisho.

"Thelathini nani anajaza?" akaniuliza.

Akanieleza taratibu kama anayemfundisha kuruti. Ukijaza thelathini kamili, ile risasi ya juu haina pa kushuka. Ukitaka kuingiza magazini kwenye bunduki wakati boliti iko mbele, lazima zile risasi zibonyee kidogo. Zisipobonyea magazini haishiki vizuri, na isiposhika itakudondokea ukiwa unakimbia. Kwa hiyo yeye na wenzake walikuwa wanaweka 28, wengine 27. Halafu akaongeza jambo la pili. Magazini ikikaa imejaa muda mrefu springi inachoka, kwa hiyo ukiwa mahali salama unazitoa risasi zote na kuiacha usiku mzima tupu. "Magazini nayo inalala, mjukuu wangu."

La kwanza lilinitosha kunitia aibu. La pili ndilo lililonipeleka kusoma, kwa sababu nilitaka kujua kama ni kweli. Kama springi inachoka kwa kukaa tu, basi hata hiyo magazini ya kijana ingeweza kutueleza imekaa hivyo kwa muda gani. Ndivyo nilivyofikiri. Vuteni viti.

Tuanze na neno lenyewe. Magazini imetoka kwa Waarabu, makhzan, yaani ghala, na wingi wake makhazin. Waitaliano wakalifanya magazzino, Wafaransa magasin, ambalo kwao leo ni duka. Sisi tunalo pia kutoka mzizi huohuo, ila tulilichukua moja kwa moja: hazina. Kwa hiyo magazini ya bunduki na Hazina ya serikali ni watoto wa ukoo mmoja. Na jarida pia limo, maana mwaka 1731 Edward Cave wa London alianzisha The Gentleman's Magazine akimaanisha ghala la maandishi, na jina likashika. Maana nyingine ya zamani ni chumba cha kutunzia baruti kwenye ngome au melini. Hiyo ishikeni, nitairudia.

Kwenye bunduki jambo hili lilipamba moto Marekani mwaka 1860, walipopewa hataza Spencer na Henry kwa nyakati tofauti mwaka huohuo. Bunduki ya Spencer ilikuwa na bomba ndani ya kitako lenye risasi saba na springi ya kuzisukuma mbele. Ile ya Henry bomba lilikuwa chini ya mtutu. Kisha akaja James Paris Lee, mzaliwa wa Scotland aliyekulia Kanada, na mwaka 1879 akapata hataza ya kisanduku kinachokaa chini ya boliti, risasi zimelala moja juu ya nyingine na springi iko chini. Umbo hilo ndilo karibu kila bunduki ya leo inalo.

Waingereza walipoichukua mwaka 1888 kwenye Lee-Metford, walifanya jambo ambalo leo linachekesha. Waliweka kibati cha kuziba magazini kwa juu. Askari alifundishwa kuingiza risasi moja moja kwa mkono na kupiga, huku zile nane za magazini zimefungiwa chini ya kibati zikisubiri saa mbaya. Wakubwa waliogopa askari atamaliza risasi ovyo. Yaani kisanduku cha kwanza cha jeshi lao kilipangiwa kazi ya kukaa kimejaa, springi imebanwa siku nzima, wiki nzima, na siku ya kufunguliwa lazima ifanye kazi. Kibati hicho kilianza kuondolewa katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, walipoona mambo ya kuhesabiana risasi hayawezekani tena.

Sasa hizi namba pungufu zilitoka wapi? Hapa ndipo nilipokaa usiku mwingi, maana 28 ya babu ina ndugu wengi.

Ndugu wa kwanza ni Bren. Jina ni Brno ya Ucheki ilikobuniwa na Enfield ya Uingereza ilikotengenezwa, na iliingia jeshini mwaka 1938. Magazini yake ilikuwa ya 30 lakini desturi ilikuwa kuweka 28 au 27. Sababu moja ni springi. Nyingine ni kwamba risasi ya .303 ina ukingo kwenye kitako chake, na ukizipanga vibaya ukingo wa moja unanasa nyuma ya mwenzake. Bren ndiyo waliyobeba askari wa KAR, wakiwemo wa kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, walipokwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944 na kushuka bonde la Kabaw kwenye mvua za masika za kule. Ukisikia mzee mwenye baba aliyekuwa "Kingi Ea" anataja ishirini na nane, usishangae.

Ndugu wa pili ni Sten, na huyu ana hadithi mbaya zaidi. Ilitengenezwa haraka mwaka 1941 Uingereza ikiwa na njaa ya silaha, mabati ya bei rahisi, herufi mbili za mwanzo zikitoka kwa wabunifu wake Shepherd na Turpin. Magazini ilikuwa ya 32. Risasi zinapanda safu mbili halafu zinalazimishwa kuwa safu moja pale juu, kama daladala mbili zinazogombea njia moja. Uchafu kidogo, au midomo ya magazini ikipinda kidogo tu, inajamu. Waliokuwa wanaijua walipunguza mbili, tatu, wengine nne.

Tarehe 27 Mei 1942, kwenye kona moja mjini Prague, Jozef Gabčík alisimama mbele ya gari la wazi la Reinhard Heydrich, mmoja wa wakuu wa Hitler, akavuta kifyatulio cha Sten. Haikulia. Badala ya dereva kukanyaga mafuta, Heydrich aliamuru gari lisimame ili ampige yule kijana, na hapo mwenzake Gabčík, Jan Kubiš, akarusha bomu. Heydrich alikufa tarehe 4 Juni. Tarehe 10 kijiji cha Lidice kikafutwa kwa kisasi, wanaume wakapigwa risasi, wanawake wakapelekwa kambini. Wanahistoria wanabishana mpaka leo ni nini hasa kilikwamisha ile bunduki. Springi imetajwa, uchafu umetajwa, majani yaliyokuwa kwenye mkoba yametajwa. Mimi sina upande. Nimeileta kwa sababu inaonyesha jinsi watu wanavyopenda kuitaja springi hata pale wasipokuwa na ushahidi nayo. Na mimi ni mmoja wao, kwa njia yangu.

Ndugu wa tatu ni M16 ya Wamarekani kule Vietnam. Magazini za mwanzo zilikuwa za 20, za aluminiamu nyepesi, na wazo la mwanzo lilikuwa ukimaliza unatupa kama kopo la soda. Hawakutupa. Zilitumika tena na tena, na askari wakawa wanaweka 18, au 17. Kila mmoja atakuambia ni kwa ajili ya springi. Lakini mwaka 1967, kwenye vita vya milimani kuzunguka Khe Sanh, vijana walikutwa wamekufa na bunduki zao zimefunguliwa, walikuwa wanajaribu kuzikwamua. Bunge la Marekani likaunda kamati ndogo chini ya Richard Ichord, na ripoti yake ya Oktoba 1967 haikwenda kwenye hesabu za 18 na 20. Iligusa mambo makubwa zaidi: baruti ilibadilishwa bila bunduki kurekebishwa, watu walipewa silaha bila vifaa vya kusafishia, na chemba haikuwa imepakwa kromu ya kuzuia kutu. Askari walikuwa wanapunguza risasi mbili kwenye magazini wakati ugonjwa uko kwenye baruti waliyopewa na wakubwa. Hiki kipande kilinikalia vibaya. Mtu wa chini anashika kile anachoweza kukishika kwa mkono wake.

Haya, na springi? Inachoka au haichoki?

Nilienda kwa fundi wa springi za magari Gerezani. Nilimkuta amekaa juu ya rundo la springi za Canter zilizokatika, nikamuuliza ipi inakufa haraka, ya gari lililopaki limejaa mzigo au ya gari linalotembea. Akanitazama kama nimetoka mwezini. "Springi haifi kwa kubeba," akasema, "inafia kwenye mashimo."

Fundi huyo hajasoma habari za August Wöhler lakini wanasema kitu kimoja. Tarehe 8 Mei 1842 treni iliyokuwa inatoka Versailles kwenda Paris ilianguka na kuwaka moto baada ya ekseli kukatika, na watu wengi wakafa wakiwa wamefungiwa ndani ya mabehewa. Ekseli zile hazikuwa zimebebeshwa kupita uwezo. Wöhler, mhandisi wa reli wa Ujerumani, alitumia miaka ya 1850 na 1860 kuzungusha ekseli kwenye mashine mpaka zikatike, akihesabu. Alichoonyesha ni kwamba chuma kinauawa na kurudiwarudiwa. Uzito ambao kinaweza kuubeba kikiwa kimetulia kinaweza kukatika nao ukipandishwa na kushushwa mara laki kadhaa.

Na kabla yake alikuwepo Robert Hooke, yule Mwingereza aliyegundua kwamba springi inavutika kwa kadiri ya nguvu unayoivutia. Aliogopa kuibiwa, akatangaza mwaka 1676 kwa herufi zilizochanganywa, fumbo, na hakulifumbua mpaka 1678. (Siku hizi angeweka tu "coming soon" kwenye intaneti.) Sheria yake inafanya kazi hadi mpaka fulani. Ndani ya mpaka huo springi ukiiachia inarudi ilipokuwa. Ukiuvuka inabaki imepinda. Sasa springi ya magazini iliyotengenezwa vizuri, hata ikijazwa kabisa, inatakiwa iwe bado ndani ya mpaka. Viwandani huibana kwanza mpaka mwisho kabla haijauzwa ili ule ufupi kidogo ambao ingeupata ikiwa kazini iupate palepale. Baada ya hapo, kwenye joto la kawaida la chumba, kukaa imebanwa kunaipunguzia nguvu kidogo sana. Inayoichosha ni kujaza na kumaliza, kujaza na kumaliza. Maana yake, ile tabia ya babu ya kutoa risasi kila jioni na kuzirudisha alfajiri, kama ilifanya chochote, iliongeza mashimo barabarani.

Nisiseme kwamba babu alikosa kabisa. Wapo watengenezaji wanaobana risasi nyingi kwenye kisanduku kidogo, hapo springi inafanya kazi karibu na ule mpaka na kweli inalegea. Zipo springi za chuma duni. Na kuna midomo, ile mikunjo miwili ya juu inayozuia risasi zisiruke. Springi inasukuma risasi, risasi inasukuma midomo, na midomo ya plastiki ikisukumwa miaka inaweza kufunguka taratibu. Ndiyo maana kwenye miaka ya 2000 kampuni ya Magpul ilipotoa magazini zake za plastiki ilizipa kifuniko cha kubonyeza risasi zisiiguse midomo wakati wa kutunza. Kwenye bati la chuma la SMG hilo si tatizo la kuongelea. Jeshi la Marekani nalo lilitoa magazini iliyoboreshwa mwaka 2009, springi mpya na kibati kipya cha kusukumia, ili watu waache woga na waweke 30 zao zote.

Kwa kifupi, ile ndoto yangu ya kusoma umri wa magazini kwenye springi iliishia hapo. Springi ya magazini iliyokaa imejaa mwaka mmoja na iliyokaa miaka ishirini inaweza kukupa majibu yanayofanana.

Kinachozeeka ni vitu vingine, na hapa ndipo nilipogundua nilikuwa nimeuliza swali kwa mtu asiyehusika. Chukueni ganda la risasi, ile shaba ya njano. Waingereza kule India walikuwa wanatunza risasi kwenye mabanda ya farasi msimu wa mvua, wakija kuzichukua wanakuta maganda yamepasuka shingoni bila kuguswa na mtu. Wakauita ugonjwa wa msimu. Jibu lilikuja 1921 kwa utafiti wa Moore na wenzake Beckinsale na Mallinson: ganda linatoka kiwandani likiwa na mkazo ndani yake, kwa sababu lilivutwa na kubonyezwa likiwa baridi, na amonia ya mikojo ya farasi, ikichanganyika na unyevu wa mvua, inalishambulia palepale penye mkazo. Yaani kumbe kipo kitu kinachokufa kwa kukaa tu kimebanwa, ila siyo springi. Dawa yake ilikuwa kulipasha ganda moto kidogo ili mkazo utoke.

Hapa kwetu pwani kuna kisa cha aina yake. Aprili 1915 meli ya Wajerumani Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, iliingia ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga ikifukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth. Nahodha aliizamisha kwenye maji mafupi. Waingereza wakaondoka wakidhani wameimaliza, na nyuma yao risasi zikaanza kuopolewa kwa mamilioni, zimelowa maji ya chumvi. Von Lettow-Vorbeck hakuwa na duka la kwenda kununua nyingine. Risasi zilifunguliwa, baruti ikakaushwa, zikafungwa tena. Hebu fikirieni kazi ya mikono hiyo kwenye joto la Tanga. Nyingi ziligoma kulia, lakini nyingi zililia, na jeshi lake likaendelea kupigana mpaka Novemba 1918.

Baruti yenyewe ndiyo mzee wa kutisha kuliko wote. Baruti isiyo na moshi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliipata mwaka 1884, haikai kimya. Inajila yenyewe polepole, inatoa gesi za asidi, na asidi hiyo inaiharakisha kujila zaidi, na joto linaongeza kasi. Tarehe 12 Machi 1907 manowari ya Ufaransa Iéna ililipuka bandarini Toulon, ikaua watu takriban 120. Tarehe 25 Septemba 1911, bandari ileile, manowari Liberté ikalipuka na kuua zaidi ya 200. Hakuna adui aliyezigusa. Baruti ilizeeka mle kwenye magazini. Ndiyo ile maana ya neno niliyowaambia muishike. Baadaye wakaanza kuchanganya kwenye baruti dawa bora zaidi ya kuituliza, lakini dawa nayo inaisha, na ndiyo maana majeshi yanatakiwa kupima akiba zao kila baada ya muda na kuteketeza zilizochoka.

Nilipofika hapo nilifunga kompyuta nikaenda kunywa maji. Mimi nilikuwa darasa la tano tarehe 29 Aprili 2009, Jumatano, shule yetu haikuwa mbali na kambi ya Mbagala. Nakumbuka mlio wa kwanza tulidhani tairi la lori. Wa pili vioo vilidondoka. Nilikimbia bila viatu, na babu ndiye aliyeniokota jioni nikiwa nimekaa na watoto nisiowajua, amenitafuta kwa miguu tangu mchana. Karibu miaka miwili baadaye, tarehe 16 Februari 2011, ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Matukio hayo mawili yaliua makumi ya watu. Miaka yote hiyo babu hajawahi kunieleza kitu kuhusu maghala ya silaha, na mimi sijawahi kumuuliza. Tulikuwa tunaongelea springi.

Kidogo kuhusu jina SMG, maana kuna mdau ataniuliza. Bunduki yenyewe ni AK, na zilizojaa kwetu ni zile za Kichina, Type 56, zilizoanza kuja na misaada ya China tangu 1964. Wachina wenyewe waliiweka kwenye kundi la bastola-rashasha, ambalo kwa Kiingereza hufupishwa SMG, na nadhani sisi tulichukua jina la kwenye kreti likabaki. Na ule mpindo wa magazini yake si urembo. Ganda la risasi yake ni nene kitakoni na jembamba mbele, ukizipanga thelathini zinajipinda zenyewe kama ndizi.

Jumapili iliyofuata nikarudi Mbagala. Nikamwambia babu kwamba kuhusu 28 alikuwa sahihi, na kuhusu magazini kulala nimesoma kwamba haikuwa na haja. Nilijitayarisha kwa ubishi. Akafikiri kidogo akasema, "Basi tulikuwa tunazipa mapumziko sisi wenyewe." Kisha akauliza habari za yule kijana.

Nikamwambia kesi inaendelea, na anashtakiwa kwa kupatikana na silaha bila kibali. Hakuna shtaka la kufyatua. Nikamwonyesha masahihisho tuliyochapisha, maana niliyaandika mwenyewe na nikabishana na mhariri siku nzima. Babu akavaa miwani. Akahesabu kwa kidole.

"Mistari minne," akasema. "Na ile ya kwanza ilikuwa mingapi?"

Nikamwambia safu mbili, na picha.

Akanirudishia gazeti, akaniuliza kama yule mama amelipata. Nikasema sijui. Kesho yake asubuhi nilipanda basi kumpelekea nakala.